Kiti cha Da Mwanaisha

Krrr. Miguu ya kiti cha chuma kwenye sakafu ya saruji. Tangu Jumamosi nasikia hiyo tu.

Siamini. Da Mwanaisha amefariki hospitalini Pemba, makao ya mkoa wetu, kwa presha. Juzi tumemzika hapa Palma. Sijalia. Nimekaa tu na simu mkononi.

Kwa msiomjua: alikuwa mkuu wa mizigo katika kampuni yetu, hii inayohudumia meli za gesi. Mtu wa hapahapa, wa kwanza kukikalia kile kiti. Na alikuwa akiniandaa mimi nikikalie baada yake.

Makao makuu wana jina lao refu la Kireno kwa mpango huo. Yeye aliuita unyago. Mimi mwali, yeye kungwi.

Wanaume wa ghalani walimchokoza: "Da Mwanaisha, mwali wako hatoki tu?"

"Wewe uliyetoka jandoni zamani, mbona kila asubuhi unatafutiwa kofia ya kazi?"

Ghala zima kicheko.

Ila unyago wake ulikuwa wa kinyume. Kungwi humsemea mwali. Yeye, swali gumu likija mkutanini, alisukuma kiti nyuma, krrr, akajitoa mezani, akaanza kutazama hina ya kucha zake.

Mara ya kwanza chefe, bosi wetu, aliuliza: kesho meli ikikuta maji yamekupwa, tushushe au tungoje? Krrr. Meza nzima ikanigeukia. Nikasema tungoje maji yajae. Hata sauti sikuitambua kuwa yangu.

"Nani ameamua?" chefe akauliza.

"Yeye. Mimi si unaniona niko nyuma?"

Tulipotoka nikamwambia, "Da, na ningekosea?"

"Kosea mimi nipo, mdogo wangu. Siku sipo, nani atakusitiri?" Akanikatia nusu ya kitumbua chake.

Alijua nimeomba uhamisho kwenda Maputo. Hakununa. Alisema tu, "Nenda. Ila hapa watatuletea mtu atakayeuliza Olumbi iko wapi."

Jana chefe akanipigia simu. Pole nyingi, kisha swali: nakichukua kiti, au watafute mtu wa nje? Nikamwomba anipe hadi asubuhi.

Leo asubuhi nimepita ofisini kwa chefe kabla ya mkutano. Uhamisho nimeufuta, Da. Kiti nimekichukua. Bado kina kile kitambaa chako cha maua mgongoni. Sijakitoa.

Halafu mkutano. Swali likaja, lilelile la maji kupwa, wote wakanitazama. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Pembeni alikaa Atija, binti wa Olumbi aliyeanza kazi kwetu juzijuzi, ameinamia mikono yake.

Nikasukuma kiti nyuma.

Lala salama, kungwi wangu. Atija amejibu. Sauti ilimtetemeka, lakini amejibu.