Keki za Zabibu za Mama Mwende

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la nane, na huandika polepole, nikilitamka kila neno kabla ya kuliweka. Lakini kuna harufu moja ambayo haijanitoka, nami nimechoka kukaa nayo peke yangu. Ni harufu ya maganda ya machungwa, iliki na chai ya rangi ndani ya beseni lililofunikwa kwa kitambaa cheupe, mwezi wa Desemba, katika ua wetu mtaani Iftin, mjini Garissa. Nilikuwa darasa la sita. Joto la mwezi ule lilikuwa la kuwafanya hata mbuzi walale kivulini bila kutafuna.

Mama Mwende alikuwa fundi cherehani, Mkamba kutoka milimani upande wa Machakos, na chumba chake kilitazamana na chetu. Mwanawe Mwende alikuwa rafiki yangu wa pekee. Mimi huona haya, shuleni nikiulizwa jina nilikuwa nikinyamaza, na Mwende ndiye aliyekuwa akijibu, “Anaitwa Habiba, nanyi mnajua.” Kila Krismasi walikuwa wakisafiri kwao, lakini mwaka huo mama yake alikuwa na sare nyingi za shule za kushona kabla ya Januari, kwa hiyo wakabaki. Mama Mwende akasema kila Idi amekula pilau na halua yetu, na safari hii ni zamu yake kuilisha ploti nzima, wapangaji wote wa ua wetu. Angeoka keki ndogondogo za matunda. Tanuri hatukuwa nalo. Alitia mchanga ndani ya sufuria kubwa, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na vikopo vya nyanya tulivisugua mimi na Mwende mpaka vikang’aa. Nilikata tende, yeye akachambua zabibu, kisha tukazimimina katika chai ya rangi yenye sukari na maganda ya machungwa. Mama yake alisema zilowe siku tatu, kama alivyofanya mama yake huko kwao. Huko kwao asubuhi watu huvaa sweta. Hakuna aliyefikiri kwamba Garissa si milimani.

Siku ya tatu Mama Mwende na Mwende walikwenda sokoni kutafuta mayai, wakaniacha nilinde beseni lisiingiwe na nzi. Wakati huohuo akafika shangazi yangu, dada ya baba, ambaye sisi humwita eedo. Baba alikuwa amekufa, na kodi ya chumba chetu ilitoka mkononi mwa eedo, ambaye ana kibanda cha chai huko Modogashe, malori yanapopumzika. Aliinua kile kitambaa. Matunda yalikuwa yamefanya povu, na harufu ilikuwa imegeuka kali, inayochoma pua. Akarudi nyuma hatua moja, akawaita wanawake wa ploti.

“Mimi nimewauzia madereva chai miaka mingi,” akasema. “Harufu ya mlevi naijua kabla hajashuka kwenye gari. Hii ni pombe.”

Mmoja akacheka, akasema labda ndiyo maana fundi hushona akiimba. Mwingine akasema lisemwalo lipo. Mama yangu alikuwa mlangoni, naye alijua, kwa sababu tende zile alizichagua yeye mwenyewe sokoni. Alitazama chini. Basi mimi, ambaye hata mwalimu hakuwahi kuisikia sauti yangu vizuri, nikasema. Nilisema ni chai, nimeiloweka mimi mwenyewe kwa mkono wangu, ni joto tu limeichachua.

Eedo akawageukia wenzake taratibu. “Mmesikia? Mpaka watoto wetu wanatengenezeshwa pombe.”

Neno langu likawa ushahidi. Mama Mwende aliporudi na mayai yake alikuta ua umejaa. Alieleza, akachota kijiko akanywa mbele yao, na hilo nalo likasemwa kuwa amezoea. Akalimwaga lile beseni lote. Mkesha wa Krismasi akaanza upya, akaoka kwa tende kavu, bila kuloweka chochote, na harufu ya siagi ikapita chini ya kila mlango. Aliweka sahani kwenye kila kizingiti, na zote zikarudi kama zilivyokwenda. Ya kwetu aliirudisha mama.

“Watoto wameshiba, dada,” mama akasema.

“Mama Habiba,” akajibu, “kama ni eedo wao, niambie ni eedo wao.”

Mama aliiweka sahani chini, akarudi ndani. Kabla ya mwaka kwisha mwenye ploti alimtaka Mama Mwende atoe vyombo vyake. Mimi nilikuwa nimekatazwa kutoka nje. Cherehani ilipokuwa ikipakiwa, Mwende alikuja dirishani kwetu, akashika nondo. “Habiba, si wewe ulikuwa unalinda beseni? Si ungewaambia tu?” Nikafungua kinywa. Eedo, aliyekuwa nyuma yangu, akavuta dirisha akalifunga, nami nikasikia gari likiwaka.

Nilipomaliza darasa la nane, eedo alisema msichana anayekaa sana majumbani mwa watu hufundishwa mambo, akanichukua kwenda naye Modogashe. Ninaandika haya kibandani kwake. Siku hizi malori hutuletea katoni za keki ndogo za zabibu, zimefungwa kwa nailoni. Ikifika Desemba, huisha haraka kuliko mkate. Eedo huzila na chai ya maziwa, huwapa wajukuu wake, na hajawahi kuuliza matunda yake yalilowekwa ndani ya nini wala na nani. Akisifu, husema keki hizi ni laini. Mimi huzipanga, na sijaonja hata moja.

Watu husema maji yakimwagika hayazoleki, na sitaki kuyazoa. Nataka kitu kidogo tu. Wewe unayesoma, kama unamfahamu msichana aitwaye Mwende aliyewahi kukaa Iftin na mama yake fundi, mwambie kwamba nilisema. Niliwaambia wote, kwa sauti, kabla hawajarudi kutoka sokoni. Kisha niandikie alichojibu, hata kama ni kibaya, hata kama ni neno moja.