Soli ya Kushoto

Fundi viatu wa mtaa wa Galbet hamtazami mteja usoni. Huanza na soli, akiipapasa kwa kidole gumba kama anayesoma barua. Ndiyo maana, mzee mmoja wa mbali alipouawa nyumbani kwake, na kundi la mtandaoni alimo fundi, la kuchambua mauaji, likawashuku wanawe, fundi aliikuza picha ya nyayo za uani, akaandika: “Waacheni watoto. Muuaji kisigino chake cha kushoto kimelika.” Mia nne wakamsifu, wakataka kila mwanakundi aweke picha ya soli zake.

Shamis, muuza chai, akainama chini ya benchi. “Adeer,” akamwita kwa heshima kama ami yake, “na hicho chako cha kushoto, mbona nacho kimelika?”

“Mimi huko sijawahi kufika,” akasema fundi. Lakini alikivua kiatu cha kushoto, akakata kipande cha tairi, na kwa mara ya kwanza akatengeneza kisigino cha kiatu chake mwenyewe. Ndipo akapiga picha.