Betri ya Evert Lidström

Kila Jumapili ya majira ya baridi, Gunvor Lidström alipanda ngazi ya boti ya mumewe na goti lake bovu, na ole wako ujaribu kumshika mkono. Boti yao ya matanga ilikuwa nchi kavu kama zetu zote, kwenye uwanja wa chama chetu cha boti nje kidogo ya mji wa Piteå, kaskazini mwa Uswidi, imefunikwa turubai, na bahari mbele yake imeganda hata magari yanapita juu. Watu wenye akili zao huzibeba betri hadi nyumbani kabla ya theluji. Evert, mume wa Gunvor, hakuwa mmoja wao. Aliijengea betri sanduku la mbao chini ya kitanda cha boti, akalikaza kwa ufundi mkubwa kiasi kwamba kuitoa ilimaanisha kuvunja kitanda. Tulimcheka miaka mingi, naye akatucheka kwa jinsi tulivyokuwa tukipinda migongo kubeba za kwetu.

Betri iliyojaa haisumbuliwi na baridi. Iliyoisha huganda ndani ikapasuka. Kwa hiyo yake ilipaswa kuchajiwa palepale ilipo, na chama kina sheria: tangu boti mbili ziungue uwanjani, waya wa umeme hauachwi umechomekwa bila mtu ndani. Ukipita ukaukuta hivyo, unauchomoa. Hakuna kubembelezana.

Vuli ile Evert alilazwa kwa ajili ya mapafu. Madaktari hawakumficha kitu, lakini yeye alisema barafu ikiyeyuka anataka kufika visiwani mara moja tu. Gunvor akaamini kwamba betri ikivuka majira ya baridi, mumewe naye atavuka. Hakulitamka, ila boti yangu imepakana na yao na macho ninayo. Alikaa mle kutwa, amejifunga blanketi, anakunywa kahawa yenye vipande vya jibini, desturi yetu ya huku, analinda chaja na mshale wake unaoingia kwenye kijani betri ikijaa. Jioni mimi humpeleka hospitali kutoa ripoti.

"Mshale uko wapi?" Evert huuliza kabla ya salamu.

"Kwenye kijani."

"Hunidanganyi?"

"Nikudanganye wewe, mzee mwenye kelele kama injini mbovu? Kunywa dawa."

Basi ikaja Jumapili moja ya Februari, baridi ya kukata masikio. Gunvor alikuwa ndio kwanza amechomeka waya na kuwasha taa ya mezani inayotumia betri hiyohiyo, simu ikalia kutoka hospitali: Evert amezidiwa, aje upesi. Alishuka akakimbia. Waya aliuacha, na taa ikiwaka.

Mchana akapita Tage Bergfors, msimamizi wetu wa uwanja, mtu wa sheria hadi kwenye kucha. Akagonga ubavu wa boti. Kimya. Akauchomoa waya, akauviringa vizuri, akautundika kwenye ngazi. Turubai lilikuwa nene, taa hakuiona. Taa ikainywa betri yote, na wiki nzima Gunvor hakubanduka kando ya kitanda cha mgonjwa. Baridi ikamaliza kazi.

Aliporudi botini, nilipanda kumtazama. Alikuwa amepiga magoti mbele ya lile sanduku, ubavu wa betri umeingia ufa. Tage naye akaja, akasimama chini ya ngazi, kofia mkononi katika baridi ile.

"Gunvor, ni mimi niliyeuchomoa."

"Ulifanya kazi yako. Taa niliiacha mimi."

"Nitaleta nyingine kesho. Tutavunja kitanda, tutakijenga upya. Wewe mwambie tu mshale uko kwenye kijani. Atajuaje?"

"Vaa kofia, Tage," alisema. "Utaugua, na nani atatusumbua hapa?"

Nilimuunga mkono Tage, tena kwa hasira. Ndani ya gari nilimwambia Gunvor kwamba mgonjwa haongezewi mzigo, kwamba uongo mmoja hauui mtu.

Evert alikuwa amekonda mpaka shati la hospitali linampwaya. Nilibaki mlangoni.

"Mshale uko wapi?"

"Betri imekufa, Evert. Imepasuka. Niliacha taa nikaondoka."

Evert aligeukia dirisha.

"Tage anataka kuleta nyingine," Gunvor akaongeza.

"Asilete."

"Lakini visiwani..."

"Mama, mimi siendi visiwani. Nimelijua hilo tangu vuli."

"Sasa mbona uliniuliza kila Jumapili?"

"Nilidhani unapenda kukaa kule. Nikasema moyoni, mwache, huko anapumua kidogo, hanitazami nikikohoa."

Gunvor alikaa ukingoni mwa kitanda. Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza mbele yangu, wala hakujificha.

"Nilikuwa naganda mle," alisema. "Niliichukia kila dakika."

"Basi Jumapili kaa hapa."

Ilibaki Jumapili moja tu ya uhai wake. Gunvor alikuja asubuhi, mapema kuliko walivyoruhusu, na hakuna muuguzi aliyethubutu kumtoa.