Biira wa Nyumba ya Nyuma

Ni nani aliyeketi nami barazani kule Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo? Nimejiuliza tangu mwaka jana. Nimesoma hadi chuo kikuu na nimezoea kudai ushahidi; lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa macho na akili zangu timamu.

Nilikuwa nimempeleka binti yangu wa pili kwa bibi yake. Mtoto ana kifafa. Mama mkwe, mjane wa tajiri wa kahawa, aliniambia kwa upole, “Mama Masika, umuache hapa kwangu. Ile nyumba ya nyuma iko na kitanda, iko na kila kitu. Kasese watu iko na mdomo, na hii familia iko na jina.” Nilikuwa nimechoka, nikakubali. Asubuhi ningerudi Kasese peke yangu.

Jioni ile mvua ilishuka kutoka milimani, umeme ukakatika. Mama mkwe na wifi zangu walikuwa jikoni. Nilibaki barazani na taa ya sola, nikisoma kitabu cha binti yangu, hadithi ya fumbo ya vijana: familia tajiri, jumba kubwa, na mtoto ambaye picha zake zimeondolewa ukutani. Nilitaka kujua mwanangu alipenda nini katika giza kama lile.

“Soma na sauti,” mtu akasema.

Alikuwa mwanamke wa rika langu, kichwa kimenyolewa kama cha mwanafunzi, ameketi juu ya gunia la kahawa. Je, wewe ungekimbia? Mimi nilidhani ni jamaa aliyevuka mpaka kutoka Kongo, kama wavukavyo wengi. Nikasoma. Ila ua mzima ulikuwa maji, na nguo zake zilikuwa kavu.

Nilipofika pale wanapomsaka yule mtoto mjini, akacheka kidogo. “Banamutafuta mbali. Iko mule mule mu nyumba.”

“Kumbe umekisoma?”

“Mimi kusoma sijui. Balinitoa ku masomo, juu nilikuwa naanguka.” Akaniinamia. “Mama Biira, ule mutoto unaacha hapa, ni wa ngapi?”

Hakuna aniitaye hivyo. Naitwa kwa jina la kifungua mimba wangu. “Wa pili,” nikajibu.

“Mu hii nyumba wa pili haikai. Hesabu bawifi yako.”

Nilitazama kitabu kuweka kidole nilipoishia. Nilipoinua macho, gunia lilikuwa peke yake.

Wakonzo humpa mtoto jina kwa zamu ya kuzaliwa: binti wa kwanza Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu. Akifa mmoja, zamu yake hapewi mwingine. Mimi si Mkonzo, nimeolewa tu. Wifi zangu ni Masika, Kabugho na Mbambu. Niamini, miaka yote nimewaita hivyo bila kuliona pengo.

Nikaenda jikoni. “Mama, Biira wenu yuko wapi?”

Mwiko ukasimama chunguni. Wifi zangu wakainamisha vichwa.

“Alikuwa anaanguka,” mama mkwe akasema. “Tulimuweka nyumba ya nyuma, apumzike. Akafia huko.”

Akaendelea kukoroga.

Kile kitabu sijakimaliza. Mvua ikinyesha jioni, chochote nisomacho hukisoma kwa sauti, na binti yangu hudhani namsomea yeye. Nawe, wakikuomba umfiche mtu wako ili jina la ukoo lisalie safi, kwanza hesabu majina ya nyumba hiyo.

Asubuhi ile nilikunja blanketi la mwanangu, nikaaga. Tulipofika penye gari la Kasese, mtoto akauliza akae wapi.

“Dirishani,” nikamwambia. “Watu wakuone.”