Mbunge wa Treni za Mvuke

Mbunge yule wa Uingereza, mgeni wa pasta wetu hapa Hillbrow, haachi kifungo cha koti lake kipumzike. Muulize kuhusu kazi yake bungeni, atakujibu treni za mvuke, kisha nyuki, kisha treni tena. Bungeni kwao anayetaka kuchangia huinuka pale tu mwenzake anaponyamaza, kwa hiyo hata kanisani, pasta akivuta pumzi kidogo, jamaa yuko wima. Tulishamzoea. Lakini kwenye harusi ya Gaëlle na Exaucé, pasta aliuliza kama kuna mwenye pingamizi, akanyamaza, na jamaa akasimama akifunga kifungo. Gaëlle akamkamata Exaucé mkono kama vile polisi wamekuja kumchukua.

“Eish! Mzungu huyu anamjua wapi bwana harusi?” shangazi yake Gaëlle akafoka. “Exaucé, una mke Ulaya?”

Mbunge akahutubia kwa hisia, kwa Kiingereza chake cha puani ambacho mimi mkalimani tu ndiye hukiambulia. Zilikuwa treni. Nikatangaza, “Mheshimiwa anaunga mkono hoja!” Vigelegele vikalipuka. Akaketi, macho yamemlowa.

“Bungeni kwetu,” akaninong’oneza, “nikitaja treni, watu huenda kunywa chai.”