Mkono wa Kushoto wa Nelvine

Kila asubuhi, kama mita hamsini kabla ya kituo cha kwanza cha kununulia majani chai, mkono wa kushoto wa Nelvine Nyaberi huacha usukani na kufungua mkanda wa kiti. Lori huwa bado linakwenda. Njia yake ya Chepilat ina vituo kumi na vinne, na kwenye kila kimoja yeye hushuka, hupanga magunia na utingo wake, Ogoti, kisha hupanda tena. Dereva anayechelewa kushuka huonekana mzembe. Amefanya hivyo miaka tisa, na hakuwahi kuuona mkono huo mpaka alipoanza kujifunza mbio za magari.

Gari lake la mbio ni Toyota kuukuu aliloachiwa na shemeji yake. Fundi wa Sotik aling'oa viti vya nyuma, akachomelea mabomba ya chuma ndani ili paa lisibonyee gari likipinduka. Nelvine akanunua helmeti, kizima moto na mkanda wa kamba nne unaofungukia tumboni. Mwalimu wake, Kipkurui, aliyekuwa akishindana zamani, alikagua kila nati akaridhika. Ndipo wakazunguka pamoja shamba la ngano lililovunwa kule Mulot. Kwenye kona ya mwisho, kabla hawajasimama, mkono ule ulishuka tumboni ukafungua.

Kipkurui hakupiga kelele. Alimweleza kwamba gari likipinduka wakati huo, mabomba hayo hayo ya kumlinda ndiyo yatakayompasua kichwa. Mashindano ya wanaoanza yalikuwa hapo hapo shambani, baada ya wiki tatu. Baadaye shamba lingelimwa, na nafasi nyingine ingekuwa mwakani. Mkono usipotulia, alisema, Nelvine hataingia.

Wiki hizo hakulala vizuri. Alijilazimisha kuzima injini kwanza ndipo aguse mkanda. Vituoni watu walinung'unika. Ogoti, anayemzidi miaka ishirini, alimcheka njia nzima.

"Madam, huo mkono umezoea majani. Ufunge na kamba."

"Nikiufunga, nani atabadilisha gia? Wewe?"

"Mimi najua magunia tu."

Lakini Ogoti alianza kuuchunga mkono huo. Kila uliposhuka mapema, alikohoa. Wiki ya tatu alikohoa mara moja tu, na siku hiyo alikuwa na mafua. Kipkurui alimjaribu tena, mizunguko kumi, akaliandikisha jina lake.

Siku ya mashindano kila dereva alipewa mzunguko mmoja wa kupasha gari moto, peke yake. Nelvine asubuhi hiyo hakuweza hata kumaliza chai. Alikwenda vizuri, akapunguza mwendo kwenye kona ya mwisho, akasimama kwenye mstari. Kipkurui, aliyekuwa mbali, alimwinulia kidole gumba. Ogoti alipiga mluzi.

Nelvine alivua helmeti, akatembea hadi kwenye meza ya waandalizi, akaomba jina lake lifutwe.

Ogoti alishika kichwa. Kipkurui alikuja mbio akilalamika kwamba gari lilikuwa sawa na dereva alikuwa sawa. Magari mengine yalipoanza kunguruma, mimi niliyekuja kutazama mashindano nilimkuta Nelvine ameketi kwenye boneti, mikono ameibana kati ya magoti. Nilimuuliza kwa nini amejitoa.

"Nilifungua mkanda," akasema. "Gari ilikuwa bado inatembea."