Ukuta wa Jiko la Mama

Mwaka wa nne wa sanaa nilikuwa mtu mbaya kukaa naye. Nasema mapema ili mtu asije akanionea huruma huko mbele. Nilikuwa nimechoka na studio yetu ya Kitale, chumba kirefu kilichokuwa ghala la mahindi kabla chuo hakijakipaka rangi nyeupe. Nilikuwa nimechoka na wenzangu waliochora twiga na jua linalozama, wakasifiwa. Zaidi ya yote nilikuwa nimechoka na msimamizi wangu.

Msimamizi alikuwa mtu wa rangi za mafuta. Kwake picha ni turubai, fremu na msumari, basi. Nilipompelekea pendekezo la kazi yangu ya mwisho alilisoma kwa kulishika pembeni kwa vidole viwili, akauliza mbele ya darasa zima, "Sasa hii ni sanaa, ama ni mambo ya akina mama huko nyumbani?" Darasa likaangua kicheko. Nilimchukia papo hapo na sijaacha mpaka leo.

Pendekezo lenyewe lilikuwa ukuta mmoja wa jiko la mama yangu, huko kwetu kijijini Bokoli. Jiko letu ni nyumba ndogo ya udongo nyuma ya nyumba kubwa ya matofali, na mama huikandika upya mara kwa mara kwa udongo, mavi ya ng'ombe na majivu. Mimi nilitaka ukuta wa mbele usikandikwe kabisa. Kwa miezi minane mvua iupige na jua liupasue, nami nitoke Kitale kila baada ya wiki mbili nifuate kila ufa mpya kwa makaa na chokaa, hadi ukuta wote uwe mchoro uliojichora wenyewe. Mkono wangu uwe unafuata tu.

Msimamizi alitia sahihi shingo upande. "Mtahini wa nje atakuja kuiona hukohuko," akasema. "Na sheria unaijua. Mkono wa mtu mwingine ukiingia kwa kazi yako, unapata sufuri na unarudia mwaka." Alilisema hilo kwa furaha. Mwaka mwingine chini ya mtu yule sikuuweza. Nilikuwa nimeamua kwamba nikiangushwa naacha chuo, narudi nyumbani bila digrii, na watu waseme watakavyo.

Upande wa historia ya sanaa nilikuwa naandika tasnifu kuhusu picha za kuta za udongo zilizomo kwenye vitabu vya maktaba yetu. Kila picha ilikuwa na jina la mpiga picha na jina la wilaya. Aliyeukandika ukuta hakutajwa popote, hata neno moja. Niliandika kurasa na kurasa kwa hasira. Niliuita wizi. Msimamizi alipoandika pembeni kwa kalamu nyekundu "punguza ukali", nikaongeza.

Nyumbani, mama alikuwa amevumilia. Nilimpa amri moja tu, asiguse ukuta, na sikuona haja ya kumweleza zaidi. Ningemwelezaje? Nilidhani haelewi. Kila niliporudi ukuta ulikuwa mbaya zaidi, fito zimeanza kuonekana, nami nasimama mbele yake natabasamu. Akina mama wa kanisa walikuja kwa maombi wakamuuliza kama anaumwa mgongo, ama mikono imeisha nguvu. Mmoja alijitolea kuja kumkandikia. Mama alinisimulia hayo huku akimenya ndizi, bila kuniangalia, nami nikamwambia awaambie wafuate mambo yao.

Siku ya mtahini ilipopangwa nilimpigia mama simu. Nilikuwa na haraka kama kawaida. Nilimwambia, "Mama, Alhamisi wageni wa chuo wanakuja kuangalia ukuta wa jikoni. Utayarishe chai." Akasema sawa. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia siku nyingi, na mimi mjinga nikafikiri ni kwa sababu ya wageni.

Alhamisi nilifika saa tatu asubuhi, saa moja kabla ya gari la chuo. Nilizunguka nyuma ya nyumba kubwa nikasimama.

Ukuta ulikuwa mpya. Hakukuwa na ufa hata mmoja. Miezi yangu minane ilikuwa chini ya udongo laini, mwekundu kwa chini na mweupe kwa juu. Katikati, mama alikuwa amepitisha vidole vinne udongo ukiwa mbichi, mistari ikapanda na kushuka kutoka pembe hadi pembe bila kukatika. Ulikuwa unapendeza sana. Hilo ndilo lililonitia wazimu.

Mama alitoka jikoni akipangusa mikono. "Umeona? Ile nyeupe nimeifuata mpaka huko juu ya Kimilili."

"Umefanya nini?" nilipiga kelele. "Nani alikutuma?"

"Si ulisema wageni wanakuja kuangalia ukuta?"

"Nilikwambia usiguse!"

"Ulisema nisiguse, nikajua unangoja wageni ndio ipakwe." Alikuwa ameanza kuchanganyikiwa. "Kwani mgeni anaonyeshwa nyumba imepasuka namna ile? Mgeni wa chuo?"

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia ameniharibia maisha. Nilimwambia ndiyo maana hajawahi kwenda popote. Alisimama akasikiliza mpaka nikamaliza, kisha akarudi ndani kuangalia maji ya chai.

Gari likaja. Mtahini wa nje alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Msimamizi alishuka nyuma yake akiwa amebeba faili lenye picha nilizompelekea, zile za nyufa. Alitazama ukuta, akatazama faili, akanitazama mimi, na nikaona mdomo wake unaanza kucheka kwa pembe moja. Alikuwa amenipata.

Nikafungua mdomo, na uongo ukatoka mzima, umeshavaa viatu. Nilisema kazi ilikuwa na sehemu mbili: kuacha na kurudisha. Nilisema kwa miezi minane ukuta uliachwa uzeeke, na wiki hii nimeufunika kwa mkono wangu, kwa sababu kwetu ukuta haukamiliki mpaka mgeni awe njiani. Nilitumia maneno yote niliyowahi kuyasoma. Mtahini alisogea karibu, akafuata mistari kwa kidole bila kuigusa, akasema, "Kumbe nyufa zote ziko hapa chini." Akasema hajaona kazi ya mwanafunzi yenye mkono tulivu namna hii.

"Umekandika wewe mwenyewe?" msimamizi akauliza. "Hii yote?"

"Mimi mwenyewe."

"Hakuna aliyekusaidia?"

"Hakuna."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai mkononi. Sijui alikuwa pale tangu lini. Mtahini aligeuka, akamwamkia kwa heshima, akamuuliza kama watu wanavyouliza kwa kufurahisha tu, "Mama, ni kweli huyu binti ameifanya peke yake?"

Mama alinitazama. Bado kulikuwa na udongo mweupe kwenye kucha zake, na mtu yeyote aliyefunzwa kuangalia vitu, tena walikuwapo wawili, angeuona. Mimi ningeweza kusema neno. Nilikuwa na muda wa kutosha kabisa. Badala yake nilimwomba kwa macho, mimi niliyekuwa nimemtukana saa moja iliyopita.

"Ni yeye," mama akasema. "Mimi nilikuwa nachota maji tu. Karibuni chai."

Walikunywa chai, wakala mayai na viazi, wakaondoka. Nilipewa alama za juu kuliko mtu yeyote darasani, na tasnifu ile ya hasira ikasifiwa pia. Msimamizi hakunipongeza. Nilifurahia kumwona amenuna, nikafurahi siku mbili hivi, kisha nikaanza kukosa usingizi.

Jioni ya Alhamisi ile, kabla sijarudi Kitale, nilijaribu kumwomba mama msamaha. Nilianza kwa kueleza sheria, kwamba ningerudia mwaka, kwamba yule mtu ananichukia. Aliosha vikombe vyote mpaka nikamaliza.

"Nimeelewa," akasema. "Ulikuwa unataka digrii, umepata. Nenda usichelewe gari."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Tangu siku hiyo amekuwa akinisalimu vizuri, ananiuliza kama nimekula, na hakuna kingine. Namwonea haya mama yangu, nami najua haya hiyo nimeinunua mwenyewe.

Siku ya mahafali hakuja. Nilimpigia simu asubuhi, nikiwa tayari nimevaa joho, nikamuuliza amefika wapi. Akasema yuko upande wa Bungoma. Kuna mama mmoja wa kanisa anapokea wakwe kesho, na amemwita ampakie nyumba.

Nikamwambia leo ni siku moja tu, na nyumba ya watu ingengoja.

"Wakwe hawangoji," akasema. Nilisikia wanawake wakicheka nyuma yake, na maji yakimwagwa. "Halafu huku wanajua ni nani anapaka."